Uzi wa Tano Haukurudi Mtupu

Siku ya gulio, mji wa Ilolelo huamka kabla ya jogoo, na mvua ya mlima Rungwe huamka kabla ya mji. Subilaga alifika Nyumba ya Nyuzi akiwa amelowa hadi magotini. Alikung'uta khanga mlangoni, akavua viatu, akazisalimia nyuzi kabla hajamsalimia mtu.

"Mmeamkaje, wazee wangu? Asanteni kwa jana."

"Siku ukiolewa," alisema Bwana Ambakisye, mkuu wake wa kazi, huku akijimiminia chai ya tangawizi kutoka kwenye chupa, "utamwacha bwana harusi amesimama, ukasalimie kwanza taa za ukumbini."

"Na taa zikizimika, huyo bwana harusi utamwonaje, mkuu?"

Ambakisye alicheka, akamsogezea kikombe.

Nyuzi zenyewe zilikuwa nane, nyembamba kama za buibui. Zilishuka kutoka darini na kuzama katika hodhi la kioo lililokaa katikati ya chumba. Uzi ulioko nyumbani hauna rangi, ni kama maji. Ukiazimwa huchukua rangi ya jina la mwazimaji, na ukirudi rangi ile huoshwa. Asubuhi ile uzi wa tano ulikuwa unawaka rangi ya asali.

Subilaga alikitua kikombe chake. Rangi ile aliijua. Ilikuwa ya Bibi Tupokigwe, mkunga mstaafu. Na Bibi Tupokigwe alikuwa amempita njiani sasa hivi tu, akizibua mfereji wa uani kwa jembe huku akiimba, hana mashine yoyote karibu naye.

Mtu hawezi kuwa uani kwake na humu hodhini kwa wakati mmoja. Subilaga alivuta kigoda, akaketi, akatazama.

*

Katika siku zile hapakuwa na mlango, bomba wala kabati la dawa lililofunguka mlimani kabla ya kuiuliza Masjala: huyu ni nani, na ana ruhusa gani? Masjala ilikaa mbali, juu ya mawingu, nayo ilikuwa na tabia za mkwe mgumu. Kufungua uzi mpya wa kuzungumza nayo kulikuwa sawa na kwenda kuposa. Wewe nani? Baba yako nani? Nani amekutuma? Ufunguo wako uko wapi? Kula kiapo. Kula tena. Mpaka ikubali, sufuria ya maharage imeiva.

Zamani kila kitasa kilifungua uzi wake, kikauliza neno moja, kisha kikaukata. Watu walipigwa na mvua nje ya milango ya nyumba zao wenyewe, wakisubiri kitasa chao kimalize kuposa. Ndipo wakatokea waliotunga Maktaba. Haikuwa maktaba ya vitabu. Ilikuwa mkusanyo wa maagizo ya kompyuta ambao kila mashine mlimani iliuita ilipotaka kuzungumza na Masjala. Maagizo makuu yalikuwa machache: azima, tumia, safisha, rudisha. Nyuzi nane zilizokwisha kuposa na kukubaliwa zilikaa hodhini zikisubiri. Mashine ikiwa na swali iliazima uzi, ikauliza, ikaurudisha, na mashine nyingine ikauchukua uzi uleule bila kupiga hodi upya. Mlima mzima ukala, ukanywa na kutibiwa kwa nyuzi nane.

Subilaga hakuwajua walioiandika Maktaba. Walikuwa wameacha maneno mafupi kando ya maagizo yao: "Hapa tulihangaika sana. Usipaguse kabla hujanywa chai." Kila alipoyasoma aliwaombea heri, popote walipo, hai au wafu.

Kitu kimoja tu walikiacha wazi. Agizo la kusafisha walilifanya la hiari. Mashine humuuliza mtu, "Uzi urudi mtupu?" na mtu hujibu ndiyo, jina lake likaoshwa; akikataa, jina hubaki uzini mpaka mwazimaji mwingine akubali kuosha. Waandishi wale waliamini adabu za watu.

Subilaga aliufuata uzi wa tano nyuma, hatua kwa hatua, bila haraka. Ulikuwa umeshikwa na kitanda cha joto cha wodi ya wazazi, kile ambacho manesi hukiita kiota. Kiota kikishapata uzi hakiuachii, kwa kuwa huuliza upya kila baada ya pumzi chache. Ndani yake alilala mtoto njiti. Jina la mtoto: hakuna. Jina la mama: halitambuliki. Ruhusa: mkunga Tupokigwe.

Subilaga alielewa mama huyo katoka wapi. Ziwa Nyasa lilipopanda na kulimeza bonde, masjala ndogo ya bonde ilizama pamoja na majina ya watu wake wote. Waliopanda mlimani hawakutambuliwa tena na yeyote kule juu. Walipewa viazi na mablanketi, kwa sababu viazi na mablanketi havina kitasa. Kiota kina kitasa. Kilikuwa kimeazima uzi ili kiulize kama kinaweza kumpasha joto mtoto wa mtu asiyejulikana. Kikaangukia uzi wa tano, na uzi wa tano ulikuwa umerudi hodhini na jina la mkunga ndani yake. Masjala ikamwona mkunga. Ikasema, washa.

Hakuna aliyeiba, wala hakuna aliyedanganya. Mtoto alikuwa hai kwa sababu ya uzi mchafu.

*

"Subi!" Ambakisye aliingia na simu mkononi, chai imesahauliwa. "Zahanati ya chini wanapiga kelele. Fundi cherehani mmoja jana kaenda kabatini kuchukua plasta ya kidole. Kabati zima likamfungukia! Dawa za usingizi, za maumivu makali, za moyo, zote mbele yake kama maandazi mezani. Kakimbia nusu ya njia, ndipo akakumbuka kurudi kuufunga mlango."

"Ni uzi wa tano," alisema Subilaga. "Ulikuwa na jina la Bibi Tupokigwe, na jina la mkunga hufungua makabati yote. Sasa hivi uko kiotani."

Akamweleza yote. Ambakisye alivua miwani, akaipangusa, akaivaa, akaivua tena.

"Sheria inasema tuukate."

"Najua, mkuu."

"Fundi yule ni mwoga, na tumshukuru Mungu kwa woga wake. Kesho kabati litamfungukia mtu asiye mwoga."

"Najua."

"Sasa mbona mkono wako hauendi?"

"Kwa sababu nikiukata, kiota kitauliza upya, na Masjala itajibu kwamba humo ndani hamna mtu."

Mvua ilipiga bati. Ambakisye alisogea karibu na uzi wa asali. Alipozungumza tena, sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Naweza kujifanya sijaona. Kiota kimeushika, hautarudi hodhini kumfikia mwingine. Wiki chache mtoto atanenepa, atatoka, uzi tutauosha kimyakimya. Mimi na wewe tu."

Subilaga alilitamani neno lile kama mtu wa njaa anavyotamani harufu ya jikoni kwa jirani. Ni nani angeumia? Alilizungusha kichwani upande huu na upande ule. Umeme ungekatika mara moja tu, kiota kingeuachia uzi, na uzi ungerudi hodhini na makabati yote ya mlima ndani yake. Halafu palikuwa na jambo jingine lililomkaa kama mwiba wa samaki.

"Kuna mtu hatujamuuliza," alisema. "Jina ni la Bibi. Kiota kile kikimdhuru mtoto, Masjala itasema Tupokigwe ndiye aliyeamuru, naye yuko uani anazibua mfereji, hana habari. Nikamuulize mwenye jina kwanza."

Ambakisye alishusha pumzi kama aliyetuliwa gunia. "Nenda, binti. Na uchukue mwavuli, usije ukawa mgonjwa wa pili asiye na ruhusa."

*

"Ugonile, bibi," Subilaga alimwamkia kwa Kinyakyusa.

"Ugonile, mjukuu wangu! Asubuhi umenipita mbiombio kama umefukuzwa na bata. Ingia, ndizi ziko jikoni."

Subilaga hakuingia jikoni. Alisimama barazani, mwavuli ukichuruzika. "Bibi, ukishapewa dawa yako ya magoti, mashine hukuuliza kama uzi urudi mtupu. Wewe hujibuje?"

"Nakataa."

"Kila siku?"

"Kila siku ya Mungu tangu nistaafu." Bibi Tupokigwe aliegemeza jembe ukutani, akamtazama kama anayemwonea huruma. "Wewe kwenu hamkufundishwa? Ukiazima bakuli la jirani, unalirudisha tupu? Unatia ndizi mbili. Huna ndizi, unatia chumvi. Huna chumvi, unachuma hata mchicha wa uani, lakini bakuli haliendi tupu, jirani asije akadhani umekula ukamsahau. Sasa mashine ile inanipa dawa kila asubuhi, mimi nitembee. Niirudishie chombo kitupu, mimi binti wa watu? Nesi wa pale aliniambia, bibi, ukikataa, jina lako litabaki humo. Nikamwambia, vizuri, basi libaki. Ndicho nilicho nacho."

Kicheko kilimtoka Subilaga, na machozi yakakifuata. Alijifuta kwa khanga. Kisha akasema habari ya fundi cherehani kwanza, kwa kuwa ilikuwa ndiyo ngumu. Tabasamu lilimtoka bibi usoni taratibu.

"Makabati yote?"

"Yote, bibi."

"Na kama angekunywa? Nami hapa naimba?" Aliketi kizingitini. "Ee Mungu. Nilidhani nimeacha chumvi, kumbe nimeacha kisu."

"Umeacha vyote viwili." Subilaga alichuchumaa mbele yake, akamwambia habari ya mtoto.

Bibi alimsikiliza bila kupepesa. "Yu hai?"

"Yu hai."

"Kilo ngapi?"

"Hata moja haijafika."

Vidole vya mkunga yule vilikuwa vinajikunja na kujikunjua juu ya magoti, kana kwamba vimeanza kufanya kazi vyenyewe. "Niambie njia," alisema.

"Iko moja iliyo halali, inaitwa dhamana. Unaketi mbele ya Masjala mwenyewe, ukijua unachofanya, unamdhamini mtoto huyo kwa kiota hicho tu, si kwa kabati wala kwa mlango mwingine. Ila mtoto akipata madhara kwa sababu ya kiota, Masjala italichukua jina lako. Hutafunguliwa chochote tena, hata dawa ya magoti."

"Magoti haya yameshatembea ya kutosha. Endelea."

"Jina moja haliketi vitini viwili. Lazima kwanza tuukate uzi wa tano, jina lako litoke kiotani, kisha tuposee uzi mpya, maana dhamana haiapwi kwa uzi uliokwisha kutumika, ndipo uape. Muda wote huo kiota kitakuwa baridi."

"Kuposa kunachukua muda gani?"

"Sufuria ya maharage. Kwa mvua hii, maharage ya kuni mbichi."

Bibi aliinuka kwa kushika mwimo wa mlango. "Mama mtu anajua?"

"Ndiko tunakokwenda."

*

Tusekile alikuwa ameketi kando ya kiota, mkono mmoja juu ya kioo. Alikuwa mwanamke mdogo wa bondeni, blanketi la msaada mabegani, macho mekundu ya kukesha. Walipomwambia, hakushtuka.

"Nilijua taa ile si yangu," alisema. "Kila mashine ikiuliza, nilikuwa nafumba macho. Nikifumbua naikuta inawaka. Nikasema, Tusekile, usiulize, utaizima." Alimtazama Bibi Tupokigwe. "Kumbe ni wewe, mama. Ndaga fijo. Asante sana."

"Usinishukuru, mwanangu. Nilikuwa sijui."

"Mtoto alijua."

Subilaga aliona haya kusema lililobaki, lakini alilisema. "Mama, tukiacha kama kulivyo, huenda hakuna atakayegundua. Sitakuficha. Lakini umeme ukikatika, uzi huu utarudi ukiwa umebeba makabati yote, na mtu mwingine anaweza kufa. Tukiukata, mwanao atakaa bila kiota mpaka bibi amalize kuapa. Masjala inaweza pia kukataa. Neno ni lako."

Tusekile alikitazama kioo, akazitazama nyayo zile ndogo zisizozidi kidole gumba. Nani angemlaumu kama angesema hapana? Subilaga asingemlaumu. Alikuwa ameshaamua moyoni kwamba mwanamke huyu akikataa, hatamsihi mara ya pili.

"Huyo fundi cherehani," Tusekile aliuliza, "ana watoto?"

"Sijui."

"Hata kama hana." Alianza kufungua vifungo vya blauzi. "Nipeni mwanangu."

Bibi Tupokigwe alikuwa mtu mwingine sasa. Alikiinua kitoto kile kama anayeinua yai lililopasuka, akakilaza kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, uso umegeuzwa kando. Akakivika kofia, akawafunga wote wawili kwa khanga mbili na blanketi juu. "Usiongee sana. Pumua polepole, naye atakuiga. Wewe ndiwe kiota."

Subilaga alibonyeza kifaa chake cha mawasiliano. "Mkuu, kata."

"Nimekata," ilisema sauti ya Ambakisye kutoka Nyumba ya Nyuzi. "Rangi imetoka. Naanza kuposa."

Taa ya kiota ilizimika.

*

Wewe nani? Nani amekutuma? Ufunguo uko wapi? Ambakisye alijibu maswali ya uzi moja baada ya jingine, na kila jibu lilipanda mbinguni kupitia mvua na kurudi likijikokota. Mara mbili Masjala ilisema haijasikia. Nje ya wodi wauza nyanya walikuwa wanagombana na kitasa cha choo, kwa kuwa leo nyuzi zilikuwa saba.

"Miguu yake," alisema Tusekile kwa sauti ndogo. "Inapoa."

Subilaga alipiga magoti, akaingiza mikono yake ndani ya blanketi, akazishika nyayo zile katikati ya viganja. Zilikuwa kama kokoto za mtoni. Alizipulizia pumzi na kusugua taratibu, akisikia jinsi Ambakisye anavyokula kiapo cha kwanza, kisha cha pili.

"Uzi umefunguka! Bibi, zungumza!"

Sauti ya Masjala ilijaa chumbani, haina jinsia wala haraka. *Tupokigwe, mkunga. Unamdhamini nani?*

"Mtoto wa Tusekile, aliyezaliwa humu."

*Ni nani kwako?*

Bibi alimgeukia mtoto.

"Sema mjukuu," alinong'ona Ambakisye kwenye kifaa. "Ndugu hawaulizwi zaidi. Sema mjukuu, yaishe!"

Subilaga aliinua uso. Nyayo zilikuwa baridi mikononi mwake, naye alitaka kwa roho yake yote bibi adanganye. Neno moja tu. Bibi alimtazama, kama aliyemsikia.

"Nimewapokea watoto wa nusu ya mlima huu," alisema mkunga, "na sijawahi kuanzisha maisha ya mtoto kwa uongo." Akaigeukia Masjala. "Si ndugu yangu. Mama yake nimemwona leo kwa mara ya kwanza."

*Kwa nini basi unamdhamini?*

"Kwa sababu anasikia baridi."

Katika fomu za Masjala hakukuwa na kisanduku kilichotengenezwa kwa jibu hilo, kwa hiyo ilitafuta, na wao wakangoja. Tusekile alikuwa anapumua polepole kama alivyoambiwa, midomo imebana. Mtoto alikohoa kikohozi cha paka mdogo.

*Akidhurika?*

"Jina langu lichukuliwe."

*Kwa kiota hiki tu?*

"Kwa kiota hiki tu. Makabati sitaki hata kuyasikia."

*Imepokelewa.*

Taa iliwaka. Hakuna aliyeshangilia, wote walikuwa na shughuli ya kumrudisha mtoto penye joto bila kumwamsha. Baadaye tu, mlango wa kiota ulipofungwa na kipimo kilipoanza kupanda, Bibi Tupokigwe aliketi sakafuni akanyoosha magoti yake, na Tusekile akalaza kichwa begani kwake. Kwenye kifaa Ambakisye alisikika akipenga kamasi. "Ni mafua," alisema. "Mvua hii."

*

Kabla ya gulio lililofuata Subilaga aliigusa Maktaba, akiwa ameshakunywa chai. Kusafisha hakukuwa tena kwa hiari: hakuna uzi ambao ungerudi hodhini isipokuwa mtupu, na Bibi Tupokigwe akasema sawa, ataleta ndizi kwa mkono. Kando ya agizo hilo Subilaga aliandika jingine jipya, la dhamana, ili mtu mwenye kutaka kuacha kitu akiache kwa kujua, kwa mtu mmoja na kwa jambo moja. Ambakisye alilisoma mara tatu, akalipigia muhuri.

Mtoto alipofikisha kilo mbili, Tusekile alikuja naye Nyumba ya Nyuzi. Aliwashukuru wote wawili, akazishukuru nyuzi moja moja, kisha akauliza kama anaweza kuishukuru na Masjala yenyewe, uso kwa uso.

Subilaga alimwazimia uzi. Ulishuka mbele yake bila rangi.

*Wewe ni nani?*

"Mimi ni Tusekile. Nimekuja kusema asante."

*Hutambuliki.*

Ambakisye aliinamisha kichwa. Subilaga alinyoosha mkono aukate uzi, aibu imempanda hadi masikioni. Lakini Tusekile alikuwa ameshamtoa mtoto mgongoni, amemwinua juu mbele ya uzi kwa mikono yote miwili.

"Na huyu je?"

*Huyu anatambulika kwa dhamana.*

"Basi asante," alisema Tusekile, akicheka mpaka mtoto akatikisika. "Kwangu mimi usijisumbue. Nitangoja akue, aje anidhamini."